Kisanduku cha Kijani cha Kimulot

Jumatatu, 3 Mei 1999

Leo nimeachana na ile skrini nyeusi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika amri ndefu, herufi moja ikikosewa naanza upya, kumbe swali lenyewe ni moja tu: Kimulot, uko hai? Asubuhi hii Njuguna, fundi wetu wa kompyuta, amefungua kwenye kompyuta yangu ukurasa mpya alioutengeneza. Una visanduku vitatu vya rangi ya kijani, na juu ya kila kimoja pameandikwa jina: Kericho, Kimulot, Fort Ternan.

Hospitali yetu ina seva tatu. Moja iko hapa mjini, chumbani mwangu mwa kazi, moja kwenye kituo cha afya cha Kimulot, nyingine zahanati ya Fort Ternan. Zote zinashika rekodi zilezile za wagonjwa, dawa na damu. Kinachoandikwa hapa kinapita kwenye laini ya simu na kufika kule. Moja ndiyo kiongozi, kwa kawaida hii ya mjini, yaani hiyo peke yake inaruhusiwa kusajili kitu kipya na kukipa namba. Nyingine zinafuata. Kiongozi akifa, mwingine anaweza kuchukua nafasi yake.

"Ukibonyeza hapa, inalala. Hapa, inaamka. Hapa, inakuwa kiongozi," Njuguna alinionyesha. Vitufe ameviandika kwa Kiswahili ili wauguzi waelewe. "Hata mama yangu anaweza, na hajawahi kugusa kompyuta."

Nimependa sana. Nimebonyeza siku nzima hata pale ambapo hapakuwa na haja.

Alhamisi, 6 Mei

Kijani, kijani, kijani. Mvua ilianza saa nane.

Jumanne, 11 Mei

Sista Phelis wa Kimulot amenipigia simu akiwa moto. Ndiye anayesimamia wauguzi kule. Sijawahi kumwona ana kwa ana, namjua kwa sauti tu, na kila nikiisikia nakaa wima kitini.

"Nelvine, hii kitu yenu mpya nani atafundisha watu wangu?"

"Nitamfundisha Nicholas kwa simu, Sista."

"Kwa simu?"

"Ni rahisi, Sista. Ni kubonyeza tu."

Nicholas ndiye karani wao wa rekodi. Mchana nimemweleza kila kitufe. Anajibu "ndiyo" kwa kila kitu, pole pole, mpaka nikajiuliza kama alikuwa anasikiliza ama alikuwa amelala. Sijui kwa nini walimpa huyo kazi ya mashine.

Jumatatu, 17 Mei

Seva ya Fort Ternan inahitaji kubadilishwa betri. Njuguna amekataa kwenda. Amesema ana kazi nyingi, halafu nikamkuta kantini anasoma gazeti. Amenunua koti jipya la Nairobi, nadhani anaogopa tope.

Jumatatu, 24 Mei

Malaria imeanza mapema. Dakta Omwenga, daktari wetu mkuu, amepita mlangoni mwangu, hakuingia, akauliza tu, "Kimulot wako na wangapi?" Nikabonyeza, nikamwambia. Akafumba macho kidogo kama mtu anayepiga hesabu ambayo hataki jibu lake, akaenda. Wadi ya watoto wanalala wawili kitanda kimoja.

Jumatano, 2 Juni

Siwezi kukaa. Nikienda kunywa chai nafikiria ule ukurasa, narudi kikombe kikiwa nusu. Kijani. Nikienda chooni, narudi mbio. Kijani. Hakuna kilichobadilika lakini mkono hautulii mpaka nibonyeze tena.

Jumamosi, 5 Juni

Nimelala nyumbani Kapsoit. Asubuhi mama amenisemesha mara mbili nikiwa nimeshika ndoo ya maziwa, sikusikia. "Wewe uko hapa ama uko kazini?" Nilicheka lakini yeye hakucheka.

Jumatano, 9 Juni

Nimemkosea Njuguna moyoni. Leo tulikuwa tunasubiri laini ya Fort Ternan itulie, nikamtania kuhusu safari ile aliyoikwepa. Akasema, "Mimi nimezaliwa kule. Baba alikuwa na duka pale karibu na stesheni. Tulitoka tisini na mbili, wakati wa mapigano."

Hakusema walitokaje, na hakuna mtu wa huku anayehitaji kuambiwa. Mimi ni Mkipsigis, wa kabila la waliowafukuza, nilikuwa kidato cha pili mwaka ule, nakumbuka moshi tulioutazama kutoka shuleni na mwalimu akituambia turudi darasani. Laini ikatulia, tukaendelea na kazi.

Jumatatu, 14 Juni

Damu inaisha. Malaria hii inakausha watoto, wanafika viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Daktari ameagiza damu itolewe hapa mjini na Kimulot pia, kutoka kwa wachuma chai na wanafunzi wa sekondari. Kila mfuko unapewa namba na seva. Sampuli inaletwa kwenye maabara yetu mjini, ikipimwa na kuonekana salama, naandika hapa na neno SALAMA linatokea Kimulot saa hiyohiyo kando ya namba ile. Kabla ya neno hilo hakuna anayeruhusiwa kuugusa mfuko.

Njuguna alisimama nyuma yangu mara ya kwanza neno lilipovuka. "Ona," alisema. "Zamani hiyo ilikuwa ni siku nzima ya gari."

Ijumaa, 18 Juni

Mvua ya mawe. Ilipiga mabati hatukuweza kusikilizana. Saa tisa kisanduku cha Kimulot kimekuwa chekundu. Miti imeangukia nguzo za simu, na barabara imekatika kule chini, gari la sampuli limerudi. Imebaki redio ya kuitana tu, nayo inakoroma.

Jumamosi, 19 Juni

Nyekundu. Nimekuja kazini ingawa si zamu yangu. Nimesajili mifuko mipya ya hapa mjini na kuandika iliyotumika. Nyekundu.

Jumapili, 20 Juni

Kanisani sikusikia hata mahubiri yalihusu nini.

Jumatatu, 21 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara, nyumbani bado sijaenda.

Asubuhi nilipofika visanduku vyote vilikuwa kijani. Mafundi wa simu walikuwa wameunganisha waya mapema. Njuguna aliniambia kwa furaha kwamba Kimulot haikusimama hata kidogo tangu Ijumaa, kwa kuwa mtu kule alibonyeza FANYA KIONGOZI na mashine ikaendelea kusajili wagonjwa peke yake. "Umeona? Laini imerudi, zimelinganisha rekodi zenyewe. Hakuna aliyehitajika." Alikuwa anasugua mikono.

Nilifurahi pia. Nikafungua orodha ya damu ili niendelee na kazi, nikaona mfuko namba 412.

Mfuko huo naujua. Jumamosi niliandika mimi mwenyewe kwamba umetumika, mgonjwa wa wadi ya wanaume. Niliuona ukiwa mtupu. Lakini ukurasa sasa ulisema 412 uko kwenye friji ya Kimulot, ni wa mwanafunzi fulani wa sekondari, na kando yake: SALAMA.

Nilidhani nimekosea kusoma. Nikatoka nikarudi. Nikaangalia 413, ilikuwa hivyohivyo. Barabara ilikuwa imekatika, mfuko ungefikaje Kimulot? Na mfuko niliouona mtupu umejaaje tena?

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu Ijumaa tulikuwa na viongozi wawili. Mjini tuliendelea kugawa namba, na Kimulot wakaendelea kugawa namba zilezile. 412 yetu ilipimwa. 412 yao haikupimwa kamwe, sampuli yake ilikuwa imekwama kwenye matope. Laini iliporudi mashine iliona namba moja, ikadhani ni mfuko mmoja, ikachukua jina na mahali kutoka kwao na neno SALAMA kutoka kwetu.

"Njuguna, kuja uone."

Alikuja bado anatabasamu. Alisoma. Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yalikuwa yameliacha.

Wakati huo mstari mpya ukatokea kwenye ukurasa, kutoka Kimulot: Winny, miaka minne, damu chini sana, ameanza kuongezewa. Mfuko 412.

Nilipiga simu, ikalia bila kushikwa. Nilikimbia hadi kwenye redio. Niliita mara nyingi mpaka sauti ya Sista ikatoka ndani ya mkoromo.

"Kimulot. Phelis hapa."

"Sista, huyo mtoto Winny, simamisha damu! Funga sasa hivi! Haijapimwa!"

"Imeandikwa salama."

"Ukurasa unadanganya, Sista."

"Nani amesema?"

Nilitazama nyuma. Hakukuwa na daktari, hakukuwa na mkubwa yeyote. "Mimi," nilisema.

Nilingoja anigombeze. Nilisikia hatua zake zikienda, kilio cha mtoto, hatua zikirudi.

"Nimefunga. Ni matone machache yameingia." Akapumua. "Sasa niambie, Nelvine. Mtoto nimpe nini?"

Nilimwambia angoje, nikamtuma Njuguna amwite daktari. Nimekaa na swali hilo siku nzima.

Dakta Omwenga alifika akipiga kelele kabla hajamaliza kufungua mlango. "Nani amesimamisha damu? Unajua mtoto huyo anaweza kufa kabla ya saa sita? Wengi wa hao wanafunzi ni wazima!"

"Wengi, daktari. Si wote."

Alinitazama kwa hasira, halafu akaninyang'anya redio na kumuuliza Phelis mapigo ya moyo, kupumua, macho. Damu ya mtoto ilikuwa O, na O nyingine haikuwepo, si kwenye friji yetu wala ya Kimulot. Mfuko uliosimamishwa Kimulot nao ulikuwa umeshatobolewa, na kabla vipimo vifike ungekuwa umeshaharibika.

Njuguna alikuwa amesimama mlangoni. "Niko na pikapu ya baba," alisema. "Nipeni vile vipimo vya haraka vya maabara. Na mimi ni O." Alisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Trekta la shamba moja la chai lilikuwa limefungua njia. Aliondoka na koti lake la Nairobi. Mimi nilibaki na kazi ya kuzima. Nililaza Kimulot, nikalaza Fort Ternan, nikakaa na Nicholas kwenye redio tukisoma mfuko mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni woga, mpaka meno yake yalipoanza kugongana.

"Nicholas, wewe ni mgonjwa?"

"Kidogo. Tangu Alhamisi. Endelea, namba inayofuata."

Saa nane kasorobo Phelis akaita. Njuguna alikuwa amefika, amepimwa, ametolewa damu. Alizimia alipoona sindano, wakammwagia maji usoni na kuendelea. Winny alikuwa ameanza kupokea. Lakini kabla damu haijafika alishikwa na degedege, mara mbili.

Jumanne, 22 Juni

Winny yuko hai. Hajaamka vizuri. Nicholas amelazwa palepale Kimulot, malaria.

Alhamisi, 24 Juni

Majibu ya maabara. 412 ya Kimulot ilikuwa safi.

Niliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa safi. Ningenyamaza, mtoto angepata damu mapema zaidi kwa saa tatu na pengine asingepata degedege.

Halafu Dakta Omwenga akageuza karatasi. 415 ya Kimulot, nayo iliyoandikwa SALAMA, haikuwa safi. Ina kile kirusi cha Ukimwi. Ilikuwa kwenye friji ileile, rafu ileile, ikingoja mtoto atakayefuata.

"Usinitazame hivyo," daktari alisema. Lakini hakuondoka haraka kama kawaida yake. Alisoma jina la kila aliyetoa damu, mmoja mmoja.

Jumamosi, 26 Juni

Mvua. Sikwenda Kapsoit.

Jumatatu, 28 Juni

Njuguna amenipa ripoti yake niisome kabla ya mkutano. Imeandikwa vizuri. Inasema ukurasa ulifanya ulichoambiwa, na kwamba kosa ni la mtumiaji: karani Nicholas alibonyeza FANYA KIONGOZI bila ruhusa. Anapendekeza aachishwe kazi.

"Ni kweli, ama si kweli?" aliniuliza.

"Ni kweli alibonyeza."

"Basi."

Kwenye mkono wake, pale sindano ilipoingia, bado pana doa la bluu. Nilishindwa kumuunganisha mtu wa ripoti na mtu wa mkono huo. Nimejaribu siku nzima, nikapata watu wawili.

Ijumaa, 2 Julai

Mkutano ulikuwa ofisi ya msimamizi wa hospitali. Nicholas hakuja, bado hana nguvu. Alikuja mwanamke mfupi mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, viatu vimejaa tope, akaketi karibu na mlango. Nilidhani ni mama wa mgonjwa amepotea. Alipofungua mdomo ndipo nilipojua ni Sista Phelis. Sauti ile yote kumbe inatoka kwenye mwili mdogo hivyo.

Alisubiri Njuguna amalize kusoma.

"Huyo kijana hakubonyeza kwa akili yake," alisema. "Ni mimi nilimwambia abonyeze. Akaniambia, Sista, wacha kwanza tuulize mjini kwa redio. Nikamwambia hatuna wakati. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, mvua ya mawe inawapiga, na mashine inakataa kuandika hata jina moja. Kitufe kilikuwa hapo."

Msimamizi alimuuliza kwa nini Nicholas hakusema hivyo mwenyewe.

"Muulizeni yeye. Mimi sikumwomba anyamaze." Akamgeukia Njuguna. "Na wewe, kijana yangu, hicho kitufe ulikiweka cha nini kama hakifai kubonyezwa?"

Njuguna akaanza kupekua kurasa za ripoti yake.

Nilijikuta nimesimama. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Nicholas, kwa simu, mchana mmoja. Nilimwambia kitufe kinafanya nini. Sikumwambia kinaharibu nini kikibonyezwa wakati kiongozi mwingine bado yuko hai, kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa nafurahia rangi.

Dakta Omwenga aligonga meza kwa kalamu. "Hiyo ripoti iandikwe upya," alisema. Nicholas anabaki. Sista Phelis amepewa barua ya onyo, akaikunja na kuitia mfukoni kama risiti ya soko. Ukurasa unabaki pia, ila kitufe kile kiondolewe mpaka kirekebishwe.

Nje nilimkuta Njuguna amesimama chini ya paa la gereji.

"Ningejua ni yeye aliyemtuma..." alianza.

"Ungeandika jina lake badala ya Nicholas?"

Alifunga vifungo vya koti. Mvua ilikuwa nyingi. Tulikaa pale mpaka ilipopungua.

Jumanne, 6 Julai

Njuguna hajatoka mbele ya kompyuta tangu juzi. Hajavaa koti. Ameniuliza maswali mengi leo: nikiwa peke yangu nitafanya nini, Nicholas akiwa peke yake atafanya nini. Zamani alikuwa ananionyesha, hakuwa anauliza.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekwenda Kimulot kwa mara ya kwanza. Miaka miwili nimeiendesha hii Kimulot na sikujua kwamba chumba cha seva ni stoo ya mablanketi, wala kwamba kutoka dirishani unaona chai inapanda mpaka inaguswa na msitu.

Winny alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama yake alikuwa anamfunga kitambaa mgongoni. Mkono wa kushoto wa mtoto umelegea, anashika kitu kinaanguka. Daktari anasema pengine ni malaria yenyewe iliyopanda kichwani, pengine ni kule kungoja. Pengine nguvu zitarudi. Hakuna anayejua.

"Wewe ndiye ulisimamisha damu?" mama yake aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Siku hiyo nilikulaani."

Nikainamisha kichwa.

"Sista amenieleza ile ingine ilikuwa na nini. Sijui leo nikuambie nini." Alimrekebisha mtoto mgongoni, akaushika ule mkono uliolegea na kuuingiza ndani ya kitambaa usipigwe na baridi. "Huyo kijana aliyetoa damu, mwambie akipita huku aje anywe maziwa yetu ya mursik."

Niliporudi mjini nilimpa Njuguna ujumbe huo. Aliinama chini ya meza kutafuta waya ambao sikuona umepotea.

Jumatano, 14 Julai

Kitufe kimerudi, lakini hakikubali mkono mmoja. Kabla kituo kiwe kiongozi, lazima kile kinachoongoza kilazwe kwanza na mtu, kwa mkono wake, baada ya kusemezana. Fort Ternan imewekwa betri mpya. Njuguna alikwenda mwenyewe. Sikumuuliza aliona nini.

Jumanne, 20 Julai

Saa saba upepo, saa nane mvua, na kisanduku cha Kimulot kikawa chekundu.

Nilikwenda kwenye redio, sikukimbia. Nicholas aliita kabla sijaita.

"Nelvine, huko mnaona nini?"

"Mko nyekundu."

"Hata sisi tunawaona nyinyi nyekundu." Nyuma yake nilisikia watoto wengi na sauti ya Sista Phelis ikipanga watu. "Nani aongoze?"

Nilitazama korido yetu. Wagonjwa walikuwa wachache, wangeweza kuandikwa kwa kalamu.

"Ongoza wewe," nilimwambia. "Ngoja nilale kwanza."

Nilirudi kwenye kiti, nikabonyeza, na kisanduku chetu cha Kericho kikazimika. Nilimwambia Nicholas tumelala. Akasema asante, pole pole kama kawaida yake, na sauti yake ikapotea.

Dakta Omwenga alisimama mlangoni. "Kwa nini mashine yetu imezimwa?"

"Kimulot inaongoza, daktari."

"Mpaka lini?"

"Mpaka laini irudi."

Alitazama kisanduku kilichozimika, akanitazama, akavuta kiti. "Haya, nipe kalamu moja," alisema, na akamwita mgonjwa wa kwanza aingie.